Upande wa Damu

Siku muuguzi Gaëlle alipomwomba simu yake, Athanase alisita kuitoa mfukoni. Si kwamba ilikuwa na siri. Aliona haya kwa sababu haikuwa na kitu. Ujumbe wa mwisho kutoka kwa mtu mwenye jina ulikuwa wa binti yake Princesse, anayeishi Ndola, ng'ambo ya mpaka, nao ulikuwa salamu za mwaka mpya. Sasa ilikuwa Juni, baridi imeshuka Likasi na watu wanaota moto wa makaa asubuhi. Jumbe nyingine zote zilitoka kwa kampuni ya simu, zikimwita "mteja mpendwa".

"Lete tu, Papa Athanase," Gaëlle alisema. "Sitasoma bintu byako."

"Hakuna kintu ya kusoma," akajibu, akampa.

Walikuwa katika chumba cha damu cha hospitali, chumba chembamba chenye kitanda cha kulalia watoaji, mizani ya mifuko, na friji iliyowatia watu wasiwasi kila umeme ulipokatika. Kwa hiyo damu waliyoitegemea zaidi haikuwa ile ya kwenye friji, bali ile iliyokuwa ikitembea mjini ndani ya watu. Athanase alikuwa mmoja wa watu hao. Damu yake ilikuwa O hasi, ile ambayo pale hospitalini huiita O négatif, na walio nayo ni wachache sana mji mzima. Alilijua hilo miaka michache nyuma, mke wake Josée alipolazwa naye akajitolea kumpa damu. Mwishowe Josée hakuhitaji damu. Kiharusi kilimchukua kabla. Lakini jina la Athanase lilibaki hospitalini, na tangu hapo walikuwa wamemwita mara mbili tatu.

"Zamani tulikuwa natafuta bantu na telefone, moja moja," Gaëlle alimweleza. "Huyu haitike, ule alibadilisha numéro, mwingine hatumujue tena kwenye anaikala. Wakati tuko napiga, mugonjwa eko nakufa. Sasa tuko na application. Minye nafinya hapa mara moja, na bantu yote ya ile groupe ya damu banapata alerte."

"Na kama niliweka telefone kimya?"

"Njo ile niko nataka kukutengenezea."

Akasogeza kiti ili naye aone. Kwanza aliiruhusu programu ile itume arifa. Kisha akazipa arifa zake daraja la dharura, ili zipite hata simu ikiwa imenyamazishwa, hata ikiwa imewekwa katika hali ya kutosumbuliwa. Kisha akaitoa katika mpango wa kuokoa betri, kwa sababu, alisema, simu hizi zina tabia ya kuiua kimyakimya programu ambayo haijatumika kwa muda, na mwenyewe hajui mpaka siku ya kuhitajika. Athanase alilisikiliza jambo hilo kuliko mengine yote.

"Sasa chagula sauti. Isifanane na ingine yote."

Zikalia kengele, ndege, gitaa, matone ya maji. Alichagua moja iliyofanana na king'ora cha kiwanda, ndefu na yenye kukwaruza. Gaëlle akatuma ya kujaribu. Simu iliruka juu ya meza kwa kelele, na kwenye kioo pakaandikwa: JARIBIO. HAKUNA MGONJWA. Chini yake palikuwa na vitufe viwili, NINAKUJA na SIWEZI.

"Finya."

Athanase akabonyeza NINAKUJA. Kwenye kompyuta ndogo ya Gaëlle ukatokea mstari: Athanase anakuja.

"Mais ulishafika," Gaëlle alisema, akicheka kidogo.

Athanase hakucheka. Alikuwa akiusoma ule mstari. Kwa muda mrefu hapakuwa na mtu mahali popote aliyeambiwa kwamba yeye anakuja.

Aliishi Kikula, katika nyumba ya vyumba vitatu ambayo sasa alitumia kimoja. Kutwa alikuwa kwenye karakana yake kando ya barabara, akichomelea mageti na vyuma vya madirisha. Zamani walikuwa wawili pale, yeye na François, wakigombana kila asubuhi juu ya stesheni ya redio ya kusikiliza. François alimfuata mwanawe Kolwezi, na redio akaenda nayo. Wateja walikuja, wakaonyesha kwa mikono ukubwa wa kitu wanachotaka, wakaondoka. Mtu anaweza kuzungumza tangu asubuhi juu ya mageti na jioni ikamkuta hajazungumza na mtu.

Tangu siku ile alianza kuishi na simu namna nyingine. Umeme ulipokatika mtaani alikwenda kuichajisha kwa jirani mwenye paneli ya jua, akakaa palepale mpaka ijae. Alipooga aliiweka juu ya tofali ndani ya bafu. Mteja mmoja alimtaka aende kijiji fulani, njia ya Kambove, akatengeneze uzio wa shule kwa majuma kadhaa. Ilikuwa kazi nzuri. Athanase akauliza kama kule simu zinashika.

"Hapana, Papa," mteja akasema. "Kule unapumuzika kabisa na makelele."

Akaikataa kazi, akasingizia mgongo.

Julai ikapita, Agosti ikapita, simu haikulia. Athanase akaanza kuogopa kwamba imeiua ile programu, kama alivyoonywa. Akaenda hospitalini. Gaëlle akaitazama, akatuma jaribio, king'ora kikalia vizuri. Akarudi tena baada ya majuma kadhaa, na Gaëlle akafanya vilevile. Aliporudi mara ya tatu, muuguzi hakuichukua simu. Alibaki akimtazama, kalamu mkononi.

"Papa Athanase," akasema polepole, "kama haiko nalia, njo muzuri. Inaonyesha hakuna muntu eko nakufa."

"Najua."

Alijua, na hilo ndilo lililomtia haya usiku na mchana. Kutamani simu ile ilie kulikuwa sawa na kumtamania mke wa mtu avuje damu, au mchimbaji aangukiwe na udongo. Alikuwa amejaribu kusali juu ya jambo hilo akakosa maneno ya kuanzia. Alichotaka kilikuwa kidogo, kuitwa tu. Lakini hapakuwa na njia ya yeye kuitwa bila mwingine kuwa taabuni.

"Ikala kidogo," Gaëlle akasema. "Niko namaliza hizi étiquettes."

Akakaa. Gaëlle aliendelea kubandika karatasi ndogo kwenye chupa, moja baada ya nyingine, wala hakuuliza kitu. Ulikuwa muda mzuri. Kisha akaletwa mgonjwa aliyevunjika mkono, na Athanase akainuka, akaaga. Hakurudi tena. Aliona siri yake imekwisha kujulikana.

Simu ililia Jumapili moja ya Oktoba, wakati wa joto kali linalotangulia mvua. Alikuwa kanisani, kwenye benchi lake kando ya ukuta. Padri alikuwa ameinua hostia, watu wamepiga magoti, na kanisa zima lilikuwa kimya. Simu yake ilikuwa imenyamazishwa kama ya kila mtu.

King'ora kikapasua kimya kile. Vichwa vikageuka, safu baada ya safu. Mzee mmoja wa protokoli, wale wanaopanga watu kanisani, mwenye utepe begani, alinyoosha mkono kuelekea mlangoni bila kufungua mdomo. Athanase alipapasa mfuko mpaka akaipata. DHARURA. O NÉGATIF. MAMA ALIYEJIFUNGUA. Akabonyeza NINAKUJA palepale alipokuwa amepiga magoti, akainuka, akapita kati ya miguu ya watu.

"Papa muzima, hana haya," mama mmoja akanong'ona.

Athanase alikuwa amekwisha fika mlangoni. Nje, chini ya ukuta wa parokia, kijana wa taxi-moto aitwaye Pitshou alikuwa amelala juu ya tangi la pikipiki yake.

"Messe iliisha, Papa?"

"Haiyaisha. Ku hôpital, mbio. Muntu eko namwaga damu."

Pitshou akawasha pikipiki. Alipita njia za ndani, katikati ya kuku na nguo zilizoanikwa, na Athanase, ambaye kwa kawaida aliogopa pikipiki, safari hii aliona inakwenda taratibu. Moyoni hakuwa na furaha aliyodhani angekuwa nayo. Alikuwa na jambo moja tu: afike.

Gaëlle alimpokea mlangoni, glavu mkononi tayari.

"Njo weye tu," akasema. "Moja eko Lubumbashi, moja alitoa juzi, bengine telefone byao bilizimika. Lala, Papa."

Alilala. Walimchukua damu kidogo ya kupima kwanza, na kile kipindi cha kungoja majibu kilikuwa kirefu kuliko njia yote. Pazia lilikuwa limefungwa nusu. Katika uwazi wake aliona korido, na watu wawili. Kijana mmoja alikuwa ameketi sakafuni, vumbi jekundu la machimbo ya Kamatanda likiwa limemganda mpaka magotini. Alikuwa ametolewa moja kwa moja shimoni. Mwanamke wa makamo alikuwa amesimama, paji la uso limeegemea ukuta. Kutokana na maneno yao ya hapa na pale Athanase alielewa kwamba kijana ndiye mume, anaitwa Glody, na mwanamke ni mama mzazi wa mgonjwa, Mama Marceline, aliyekuja kutoka Kakanda kumsaidia binti yake uzazi wa kwanza. Binti mwenyewe ndiye aliyekuwa nyuma ya mlango wa mwisho. Jina lake Orpa.

Majibu yakaja mema, sindano ikaingia, na mfuko ukaanza kujaa. Gaëlle aliusukasuka kwa mkono mmoja huku akiuangalia mlango.

"Fungua na kufunga ngumi, Papa. Vile. Vile."

Ulipojaa alikimbia nao. Athanase aliwaona wale wawili wakiinua macho kuufuata ule mfuko mpaka ulipopita mlango wa mwisho. Hawakutazama ulikotoka.

Walimpa chai yenye sukari nyingi na kipande cha mkate. Simu ikatoa mlio mdogo, si ule wa dharura. ASANTE. UMEPUMZISHWA. UTAITWA TENA BAADA YA MIEZI MITATU. Kando ya maneno palikuwa na picha ya kengele iliyopigwa mstari. Aliisoma mara kadhaa. Kisha akaona anamzuilia mtu mwingine nafasi kitandani, akaenda nyumbani.

Kesho yake alirudi kuuliza. Gaëlle hakuruhusiwa kumwambia chochote kuhusu mgonjwa, naye Athanase alijua hivyo. Lakini uso wa muuguzi ulikuwa umekwisha sema.

"Mutoto eko muzuri," Gaëlle akasema. "Mwanamuke." Akakunja kitambaa alichokuwa nacho, akakikunjua. "Mama yake alitutoka jana mangaribi. Damu yako ilifika muzuri, Papa. Ilikuwa maneno ingine mu mwili yake, moyo ilichoka. Docteur alijaribu yote."

Athanase alitoka mpaka uani, akashika nguzo ya kibaraza. Pale chini walikuwa wakipakia jeneza kwenye pikapu. Glody alikuwa amekaa tayari nyuma ya gari, mikono juu ya mbao, na Mama Marceline alikuwa akishikwa huku na huku na wanawake wawili. Athanase akamwuliza dereva kilio kiko wapi. Dereva akataja avenyu moja ya Kikula, isiyo mbali na kwake.

Alikwenda jioni hiyo, amevaa shati lake la Jumapili. Hakujua vizuri anakwenda kufanya nini. Turubai la bluu lilikuwa limefungwa kati ya nyumba na mti wa parachichi, viti vya plastiki vimepangwa chini yake kwa wanaume, na ndani wanawake walikuwa kwenye mikeka wakiimba nyimbo za kuombea marehemu. Kwenye mlango wa uzio alisimama mtu mrefu mwenye koti jeusi, akiwaelekeza watu pa kukaa. Huyu alikuwa Kalombo, mjomba wa marehemu.

"Karibu, Papa. Weye ni wa upande gani? Wa bwana ao wa bibi?"

Athanase hakuwa amelifikiri swali hilo.

"Wa bibi," akasema.

Kalombo akamwongoza mpaka kwenye viti vya mbele, walikokaa wajomba. Wakamsogezea kiti, wakampa mkono mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akisema pole. Naye akasema pole. Tangu kilio cha Josée hakuwahi kukaa kati ya watu wengi namna hii wanaofikiri jambo moja. Mzee aliyekuwa kando yake akaanza kuulizia ukoo, kama watu wafanyavyo ili muda upite.

"Weye ni wa kwa Marceline, ao wa kwa marehemu bwana yake?"

"Hapana kwa bote," Athanase akasema.

Kalombo alikuwa bado amesimama karibu. Akainama.

"Papa, samahani. Weye ni ndugu ya Orpa namna gani?"

"Ya damu."

"Damu ya nani?"

Athanase akaona jinsi neno lilivyomponyoka. Hakuwa amekusudia kudanganya. Akatazama mikono yake, kisha akaukunja mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko, pale ambapo pamba ilikuwa bado imebandikwa.

"Jana banakuwa naniita ku hôpital," akasema. "Juu ya groupe yangu. Njo minye nilimutolea. Siko ndugu yake. Nilisema vile juu nilikosa ya kusema. Kama ni mubaya, nitaenda kuikala kule nyuma."

Wazee wakatazamana. Kalombo alinyooka, akaenda ndani ya nyumba. Athanase akadhani anakwenda kuleta watu wa kumtoa. Badala yake alirudi na Mama Marceline, miguu peku, kitambaa kimeteleza kichwani. Mzee wa kando akampisha kiti.

"Njo weye ulitoa ile damu?" mama akauliza. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Njo minye, Mama. Pole sana."

"Ulikuwa wapi wakati banakuita?"

"Mu messe."

"Ukatoka mu messe."

"Nilitoka."

Mama Marceline alikaa akimtazama usoni kana kwamba anatafuta mahali alipopata kumwona.

"Minye niliwaza hakuna muntu alikuya," akasema. "Nilikuwa pale ku ukuta. Nilisikia infirmière wa damu anasema: huyu haiko, huyu telefone ilizimika. Nikasema mu roho yangu, mu muji yote hii, hata muntu moja. Mutoto wangu alikufa na minye niko nachukia bantu yote ya Likasi."

Athanase akaushusha mkono wa shati.

"Ule mufuko niliuona unapita. Niliwaza ulitoka mu frigo."

"Haukutoka mu frigo, Mama."

"Ulikuwa moto?"

"Ulikuwa moto."

Ndipo alipolia. Hakupiga kelele; aliinama tu mpaka uso ukagusa magoti, na mabega yakaanza kutikisika. Wanawake wakatoka ndani wakamzunguka. Athanase akainuka ili awapishe, lakini Kalombo akamwekea mkono begani.

"Ikala," akasema. "Upande yako ni huu."

Alikaa mpaka walipoanza kugawa chakula, bukari na sombe. Siku ya maziko alileta msalaba wa chuma aliouchomelea mwenyewe, herufi za jina la Orpa zimekatwa kwa bati na kuungwa moja moja. Herufi P ilikuwa imepinda kidogo. Hakuna aliyelisema.

Glody alimpa mtoto jina la Tania, jina la dada yake. Mama Marceline alibaki Likasi kumlea, katika chumba cha Glody, na Jumapili baada ya misa Athanase akawa anapitia pale. Hakukaa sana. Walimpa kikombe cha munkoyo, akamshika mtoto kwa mikono ambayo aliona ni migumu mno kwa kazi hiyo, akauliza kama amelala vizuri, akaenda zake. Mara nyingine Mama Marceline aliongea juu ya Orpa, jinsi alivyokuwa mwenye kubisha tangu udogoni. Mara nyingine hakuongea kabisa, akatwanga tu muhogo, na Athanase akakaa pale kama alivyokaa siku ile ya étiquettes. Mara nyingi Glody hakuwepo. Alipokuwepo alimsalimu kwa heshima na kutazama pembeni. Athanase alimwelewa. Kuna watu ambao ukiwaona unaikumbuka saa fulani, na si kosa lao wala lako.

Desemba, mvua zikiwa zimekolea, Gaëlle alikuja mwenyewe karakanani. Hakuwa amewahi kufika pale. Alikuwa na mwavuli na viatu vimejaa tope. Athanase akaigeuza kreti, akaifuta, akamkaribisha.

"Papa Athanase, nilikuya juu ya telefone yako."

"Iliharibika?"

"Haiyaharibika." Akauweka mwavuli chini. "Utafikisha miaka sitini mbele ile miezi tatu ya kupumuzika iishe. Règlement ya kwetu ni sitini. Hatumuite tena muntu wa sitini. Ni juu ya afya yenu."

"Minye niko nguvu."

"Naona uko nguvu."

Mvua ilipiga bati la karakana. Athanase akavua kofia ya kuchomelea, akatoa simu, akaifuta kwenye suruali kabla ya kumpa. Gaëlle aliingia kwenye ile programu, akabonyeza hapa, akathibitisha pale. Hakukuwa na mlio wowote. Hivyo ndivyo jina lake lilivyotoka.

"Ningeweza kuifanya kule bureau," akasema. "Mais sikupenda ikutoke vile, bila muntu kukuambia."

"Aksanti."

"Na ku messe? Bantu balikusema?"

"Balinisema," Athanase akasema. "Protocole iko naniangalia mubaya mpaka sasa."

Gaëlle akatabasamu. Akabaki pale mpaka mvua ilipopungua, ingawa mwavuli ulikuwa mzima.

Baada ya yeye kwenda, Athanase alikuwa bado na simu mkononi. Akampigia Princesse, jambo ambalo hakulizoea; alikuwa na desturi ya kungoja.

"Papa, kuna nini?" Princesse akauliza mara tu alipopokea. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Nilipiga tu."

Upande wa pili palisikika watu wengi na mashine ya kushona. Princesse alisogea pembeni.

"Niko ku kazi, Papa. Nitakupigia."

Alimpigia kweli, siku nyingine, wakaongea juu ya mvua ya Ndola na mguu wa Princesse unaovimba. Hakumwambia habari za Orpa. Hakujua aanzie wapi, na vilevile hakutaka binti yake amwonee huruma akiwa mbali. Walikubaliana waongee tena. Baada ya hapo zikapita siku nyingi.

Januari Glody akaamua kufuata wenzake kwenye machimbo ya mbali, na Mama Marceline akafunga vitu arudi Kakanda na mtoto. Athanase alibeba begi mpaka penye magari. Tania alikuwa amelala mgongoni mwa bibi yake, mdomo wazi.

"Nipe numéro yako," Mama Marceline akasema, akatoa simu ndogo ya vitufe, kioo kimepasuka. Akaiandika polepole, akimwomba arudie kila tarakimu. "Naandika nani?"

"Athanase."

"Athanase," akarudia, akaiandika, akamwonyesha kama iko sawa.

Dereva alikuwa anaita watu wa mwisho. Wakapeana mikono. Mama Marceline akataka kusema neno, lakini kondakta akaanza kusukuma mizigo, na mtoto akaamka, na yote yakawa haraka. Gari likaondoka. Athanase alirudi karakanani kwa miguu, maana hakukuwa na sababu ya kuharakisha.

Mama Marceline alipiga mara ya kwanza baada ya majuma mengi. Athanase alikuwa amepiga magoti mbele ya geti la mteja, na simu ikalia mlio wa kawaida, ule ambao kila simu huja nao toka dukani.

"Papa Athanase? Unasikia?"

"Nasikia."

"Hapa réseau inakuya, inaenda. Mutoto alikuwa na homa mais iliisha. Sasa anaikala peke, haanguke."

"Muzuri, Mama."

"Eeh." Upepo ulipita katika simu. "Na weye? Unakula?"

"Ninakula."

"Mvua iko kule?"

"Iko. Na kule?"

"Hapa haiyafika, tunaona tu mawingu yenye kutoka kwenu," akasema, na sauti ikaanza kukatikakatika, akataja jina la mtoto, kisha neno ambalo halikusikika, kisha kimya.

Athanase alingoja kidogo, simu sikioni. Halafu akairudisha mfukoni, akavaa kofia, akaendelea na lile geti, kwa sababu mwenye geti alisema atalifuata kabla ya giza.